Figo za Mheshimiwa

Jumatatu ile Mheshimiwa hakuja kunipokea, nikajua kuna jambo.

Kwa kawaida nikifungua mlango wa chumba cha uonjaji yeye ndiye wa kwanza kufika, mkia juu, akajisugua kwenye viatu vyangu kana kwamba ndiye aliyeniajiri. Ni paka dume mwekundu, kichwa kikubwa, sikio la kushoto limechanika. Kwenye karatasi za serikali anaitwa Mwonjaji wa Birika la Sita, yaani tangi kuu la maji ya mji wetu. Watu wa mtaani walimpachika jina la Mheshimiwa kwa sababu anakula bila kutoka jasho, anaingia nyumba anayoitaka, na hakuna anayethubutu kumfukuza. Asubuhi ile alikuwa amejikunyata nyuma ya ndoo, macho nusu wazi, mate yakimdondoka pembeni mwa mdomo.

"Tangu jana hajala," alisema Bi Somoe, mtunzaji wake. "Nimemwekea dagaa, kawapa mgongo. Dagaa, mwanangu! Huyu?"

Bi Somoe Mkapunda ana miaka sabini na moja, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nyumba yake imepakana na chumba cha uonjaji, mlango kwa mlango. Nilikuwa nimeshamwamkia, ameshaniitikia, nimeshapewa kikombe changu cha kahawa ya tangawizi na nimeshakimaliza. Ndivyo siku zetu zilivyoanza kwa miezi kumi na minne, kasoro Jumapili.

Nikambeba Mheshimiwa, nikamlaza ubavu juu ya meza ya bati. Hakubisha. Hilo nalo lilinitia wasiwasi, maana siku zote tulikuwa tunapigana kwanza.

Nikalowesha manyoya yake kwa spiriti, nikapaka jeli, nikatoa kiganja. Kiganja ni ultrasaundi ya mkononi, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Unakigandamiza ubavuni, nacho kinatuma sauti isiyosikika ndani ya mwili na kuchora kwenye kioo kile kinachorudi. Ndani yake mna programu iitwayo Msomaji. Mimi natafuta figo, Msomaji anazipima.

Figo ya kushoto: sentimita nne nukta tisa. Jumamosi ilikuwa tatu nukta nane.

Nikamgeuza. Ya kulia: tano kamili. Na kuizunguka figo kulikuwa na ukingo mweusi, mwembamba mithili ya wanja. Majimaji. Figo ilikuwa imevimba hadi inavuja. Nikashuka kwenye kibofu, nikakikuta kimesinyaa, hakina kitu. Paka mwenye njia ya mkojo iliyoziba kibofu chake huwa kimejaa kama puto. Huyu hakuzibwa popote. Figo zake zilikuwa zimeacha kutengeneza mkojo.

Kioo kikabadilika rangi kabla sijaondoa mkono.

FIGO ZOTE MBILI. SUMU. BIRIKA LITAFUNGWA BAADA YA DAKIKA 60. DAKTARI: THIBITISHA AU PINGA.

"Anasemaje?" Bi Somoe aliuliza.

"Anasema mbaya, mama."

*

Simu ya Mhandisi Likoko iliingia hata kabla sijafuta jeli. Yeye huishi na mitambo juu ya mnara wa birika, na kila kinachoonekana kwenye kiganja changu humfikia.

"Esha, niambie hiyo mashine yako imelewa."

"Haijalewa."

"Watu elfu kumi na moja, Esha. Birika la karibu lipo kilomita kumi na tisa, na wao wenyewe maji hayawatoshi. Tazama tena."

"Nimetazama mara mbili."

"Basi tazama ya tatu. Nitafutie jiwe."

Nilijua anachokitaka, na wewe unayesoma haya nakuomba usimwone Likoko kuwa mtu mbaya. Tangu Miaka ya Chumvi, bahari ilipoingia visimani, miji yetu ya kusini inakunywa maji yaliyopitishwa kwenye machujio, nayo machujio yakichakaa humwaga vitu ambavyo havina hata jina. Kipimo cha kemikali hujibu ulichokiuliza. Figo ya paka hujibu hata usichokiuliza, tena siku kadhaa kabla ya figo ya mtu. Birika la Kwanza halikuwa na mwonjaji, watu wakaja kushtuka nyuso zimeshavimba, na makaburi ya mwaka ule hayajapata nyasi mpaka leo. Ndipo ikatungwa Sheria ya Waonjaji: kila birika paka wake, kila paka mtunzaji wake, na daktari wa kumpima.

Kisha likaja la Birika la Tatu. Mashine ilisoma sumu, birika likajifunga lenyewe, watu wakashika njia na ndoo vichwani kwenye jua la Novemba. Siku ya tisa ikagundulika paka alikuwa na jiwe tu, limeziba mrija wa figo moja. Waliofia njiani walikuwa kumi na saba, wengi wao wanyonyeshao na watoto wao. Likoko alikuwa fundi mdogo kule. Alimzika dada yake.

Kwa ajili ya hao kumi na saba daktari akapewa saa moja ya kupinga. Akiweka alama mbili kwenye picha, hapa na hapa, na kuandika "jiwe," Msomaji humwamini. Mashine ilifundishwa hivyo makusudi, imheshimu binadamu.

"Jiwe huvimbisha figo moja," nilimwambia. "Hizi zimevimba zote, na kibofu kitupu. Hakuna jiwe, Likoko."

Nilisikia pampu zikinguruma nyuma yake.

"Jipe dakika," alisema mwishowe. "Unazo hamsini na tatu."

*

Nilizitumia za kwanza kwa Mheshimiwa. Nikamtia sindano ya mshipa mguuni na kumpa maji ya dripu, kidogo kidogo, maana figo zikifunga mlango huwezi kumjaza mgonjwa maji ukategemea yatatoka. Yanapanda mapafuni. Nikaweka kiganja kifuani mwake: mapafu bado makavu. Nikamwacha apumue.

Nikawaza. Kama ni birika, kwa nini leo? Machujio yalibadilishwa mwezi uliopita. Vipimo vya Likoko vilikuwa safi. Na kama si birika, paka huyu asiyekunywa kingine isipokuwa maji ya birika ameipata wapi sumu?

Wakati huo Mheshimiwa akainuka. Alikuwa na kiu, unaona koo lake linavyotafuta. Akashuka mezani akiyumba, mpira wa dripu ukimfuata, nikashika chupa na kwenda naye. Pale sakafuni, hatua mbili kutoka kwake, kuna bakuli la kuonjea, la chuma, limefungwa saruji, maji ya birika yanaingia yenyewe na mita inahesabu yanayopungua. Lilikuwa limejaa pomoni. Mheshimiwa akalipita kama hakuliona. Akaenda moja kwa moja hadi mlango wa nyumba ya Bi Somoe, akakwaruza mbao mara moja, akalala hapo hapo chini.

Pale penye makucha yake ubao ulikuwa umelika, umekuwa mweupe. Hukwaruzi mlango ukafika hivyo kwa siku moja, wala kwa mwezi.

Nikamtazama Bi Somoe. Bi Somoe akatazama kucha za vidole vyake.

Kanuni ya kazi yangu ina mstari usemao: daktari amwone mwonjaji akinywa, kwa macho yake, kila siku ya kipimo. Siku ya kwanza nilipofika nilimwuliza, "Mama, ameshakunywa?" Akajibu, "Ameshakunywa, mwanangu, karibu kahawa." Ningesemaje? Mtu wa umri wa mama yangu ameniambia ameshakunywa, nimwambie anywe tena nione? Nikaweka alama ya NDIYO. Kesho yake hivyo hivyo. Vyeti mia tatu na hamsini na kitu, vyote na saini yangu. Wanasema heshima si utumwa, lakini mimi nilikuwa nimejifunga mwenyewe, na kamba nilikuwa nimeileta mkononi.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Huyu paka anakunywa wapi?"

"Hapo."

"Bakuli limejaa."

"Leo mgonjwa."

"Mama. Nionyeshe."

Sijawahi kuona neno moja likimzeesha mtu namna ile. Akakaa kwenye kigoda. Kutoka dirishani kwake ulikuwa unaingia ule mnukio nilioupenda miezi yote, wa mwasumini. Katika mji ambao watu wanamwagilia mchicha kwa maji waliyonawia, mwasumini wa Bi Somoe ulikuwa umetambaa ukuta mzima, mweupe kwa maua. Nilikuwa nimeunusa kila siku na sikujiuliza unakunywa nini.

"Ya bakuli nayachota kwa kopo, namwagia maua," alisema. "Yeye nampa ya kwangu. Ya chini."

Chini ya ukumbi wake mna tangi la saruji alilolijenga marehemu mumewe kabla ya Miaka ya Chumvi, linalokusanya maji ya mvua kutoka paani. Alikuwa akiyatoa kwa ndoo, akiyachemsha, akiyamimina mtungini, akinywa yeye na paka wake.

"Tangu lini?"

"Tangu siku mliyomleta. Kidude cha miezi mitatu, kinalilia mama yake. Mkaniambia, mpe maji haya, yakimuua tutajua." Akainua uso, macho yamemwiva. "Esha, mimi nimesoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Paka ana haki yake. Nimnyweshe kiumbe wa Mungu kwa nia kwamba afe ili mimi nipone? Nikasema sawa, kwa sababu kazi niliitaka. Usiku sikulala. Kulipokucha nikampa ya kwangu, na toka hapo nimelala."

Nilitaka kukasirika. Nilikasirika kweli. Watu elfu kumi na moja walikuwa wakinywa maji kwa kuamini figo ambazo hazikuwahi kuyaonja. Lakini nilimtazama yule paka mlangoni, nikakumbuka kwamba hata mimi nilikuwa namnunulia dagaa.

*

Kisha akili ikakamilisha hesabu.

"Mama, mvua ya Ijumaa iliingia tangini?"

"Iliingia, alhamdulillahi. Miezi saba! Limejaa."

Siku kumi kabla ya mvua ile, mji mzima ulipakwa rangi ya ubaridi. Kamati ya joto ilituma vijana wenye ngazi, wakapaka kila paa jeupe, nyumba kwa nyumba, ili watu waache kufa kwa joto vyumbani. Rangi nzuri. Nyumba zilipoa kweli. Hakuna aliyeuliza ikinyeshewa itakuwaje, kwa sababu mvua tulikuwa tumeshaisahau.

"Na kahawa," nikasema. "Unapikia maji gani?"

Akatazama mlango wa nyumba yake. Nilitazama kikombe changu mezani, machicha yameganda chini. Cha Jumamosi, na cha leo.

"Geuka, mama. Nipe mgongo wako."

Mimi ni daktari wa wanyama, na sheria hainiruhusu kumgusa mtu kwa kiganja. Nikampandisha blauzi hivyo hivyo, nikampaka jeli, akaruka kwa ubaridi wake. Figo ni figo. Yake ya kulia ilikuwa kubwa, pana, na ngozi yake ya nje iling'aa nyeupe kuliko ini lililo jirani yake. Pembeni, ukingo mweusi. Mwembamba, lakini upo.

"Umekojoa lini?"

"Hee, Esha! Maswali gani hayo?"

"Lini, mama?"

"Jana," alisema polepole. "Jana asubuhi. Nilidhani ni joto."

Nikafungua dirisha kwa haja ya hewa tu. Mtaa wa Birika la Sita ulikuwa umetandazwa chini yangu, kwa kuwa tupo kilimani, mapaa meupe yanaumiza macho. Na kila baraza ilikuwa na vyombo. Ndoo, madumu, masufuria, beseni la kuogeshea mtoto. Uani mwa shule ya msingi palisimama mapipa matatu ya bluu, na mpishi alikuwa amepiga magoti mbele ya moja, anachota. Watu walikuwa wameyafurahia maji ya Ijumaa kama sikukuu. Waliyaweka, wanayanywa taratibu, wanasema ni matamu kuliko ya birika.

Ikanijia yote kwa pamoja. Msomaji akifunga birika kwa kosa lisilokuwa lake, watu elfu kumi na moja watageukia ndoo zile. Na mimi nikiandika "jiwe," birika litabaki wazi, Bi Somoe atabaki na nyumba yake, mimi na kazi yangu, na hakuna mtu atakayezimwaga ndoo hata moja. Nani amwage maji ya mvua kwa fununu ya daktari wa paka?

Dakika ishirini na sita.

Kulikuwa na njia ya tatu. Sheria inasema mwonjaji akithibitika kuwa hakuonja, hukumu yake inafutwa. Lakini mita ilikuwa imehesabu bakuli likipungua kila siku, na mita haipingwi kwa neno la daktari. Anayeweza kuipinga ni mtunzaji peke yake, kwa kiapo cha sauti yake. Na mtunzaji aliyedanganya kuhusu mwonjaji wake hufutwa kwenye daftari la maji. Asiye daftarini hapewi hata kikombe katika mji huu. Anaondoka.

Nilimweleza hivyo hivyo, bila kupunguza. Nilimwambia pia kwamba kiganja hakijui lolote kuhusu maji yake, na kwamba ninajua kuandika jiwe.

"Basi andika jiwe," alisema haraka. "Andika, mwanangu. Nitakwenda wapi mimi? Mume wangu amelala pale nyuma ya msikiti. Nikiondoka nani atamfagilia kaburi? Hao watu waambie tu wasinywe. Kawaambie mimi nimeugua."

"Wataniuliza umeugua kwa nini."

"Waambie uzee!"

"Na yule mpishi wa shule nimwambie nini?"

Akasimama kwa tabu, akaja dirishani kando yangu. Alitazama muda mrefu. Mpishi alikuwa amejaza sufuria ya kwanza, anaelekea jikoni na kuisawazisha kichwani. Bi Somoe alimjua yule mwanamke, alijua alizaliwa siku gani. Nilimsikia anapumua kwa mdomo.

Ningependa kusema nilimwachia nafasi ya kuamua. Sikumwachia. Nilikuwa nimeshakiweka kiganja mbele ya mdomo wake, mkono umenyooka, mimi niliyeshindwa miezi kumi na minne kumwambia mtu mzima anionyeshe bakuli. Nilikuwa naona haya hadi masikio yanawaka, na sikuushusha mkono.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," alisema, si kwangu. Kisha akakohoa, akaita kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, kana kwamba mashine ina uziwi. "Mimi Somoe binti Mkapunda. Huyu paka hakuwahi kunywa maji ya birika. Hata siku moja. Nilimpa ya paani kwangu, kwa hiari yangu, na mimi nimekunywa hayo hayo, nasi tumeugua sote wawili. Daktari hakujua."

"Daktari hakuangalia," nikasema kwenye kiganja, nikatia jina langu.

MWONJAJI BATILI. LETA MWONJAJI MWINGINE NDANI YA DAKIKA 30 AU BIRIKA LITAFUNGWA.

*

Kiapo cha Bi Somoe, Likoko alikirusha kwenye spika zote za mnara bila kutuuliza. Nilimlaani wakati ule, baadaye nikaona alifanya sawa. Ile sauti ilipita juu ya mapaa meupe mara tatu. Kutoka dirishani niliona mlango mmoja ukifunguka, mwanamke akatoka na beseni, akalitazama kama anayeagana nalo, akalimwaga. Kisha wa pili. Mpishi wa shule alirudi mbio na sufuria ile ile. Mtaa mzima ukawa unamwaga maji, na watu walikuwa wanalia huku wanamwaga.

Likoko alifika chumbani hana pumzi.

"Mwonjaji mwingine tunamtoa wapi? Paka wote wa mji huu wamelamba madimbwi ya Ijumaa."

"Soma sheria," nilimwambia. "Kifungu cha nne."

Alikijua kwa moyo. Kiumbe mwenye figo mbili, aliyekunywa maji ya birika peke yake kwa siku tatu mfululizo. Walioandika waliwaza paka. Hawakuandika paka.

"Wewe umeonja ya mvua?" nikamwuliza.

"Mimi nipo zamu tangu Alhamisi. Nimewaona mnavyocheza mvuani, nikawaonea wivu tu." Hapo ndipo alipoelewa. Akatazama meza ya bati, yenye manyoya mekundu na jeli. "Loo."

Akavua shati, akalala. Msomaji alikataa mara mbili. UZITO KILO 84. HAKIKISHA MWONJAJI. Nikahakikisha. Nilipima kushoto, nikapima kulia, na Likoko akaushika mkono wangu mwenyewe, akautuliza ubavuni mwake. Alikuwa amefumba macho. Midomo ilikuwa inatikisika.

Sentimita kumi na moja. Kumi na moja nukta mbili. Hakuna ukingo mweusi.

FIGO ZOTE MBILI SALAMA. BIRIKA WAZI.

Alijifuta jeli kwa shati lake, akasema, "Kumbe mwonjaji siku zote tulikuwa sisi."



*

Hadi alasiri zahanati ilikuwa imepokea watu arobaini na mmoja. Wengi walikunywa kidogo wakapona kwa kuwahi. Watatu figo zao zilikuwa zimefunga, wakiwemo Bi Somoe na mtoto wa miaka mitano, na gari la kuwapeleka kwenye mashine ya kusafisha damu lilikuwa bado njiani. Mimi nilipimwa na mwenzangu wa binadamu, akaniambia vikombe viwili vimeniacha salama. Alikichukua kiganja mkononi mwangu kwa upole, kwa amri ya wilaya. Kesi yangu na ya Bi Somoe imepangwa Alhamisi, siku moja, chumba kimoja.

Nilikwenda kukaa kitandani kwa Bi Somoe pale zahanati nikisubiri gari. Uso ulikuwa umeanza kujaa chini ya macho.

"Mheshimiwa amekojoa?" ndilo swali lake la kwanza. Nilikuwa nimemweleza asubuhi ile kwamba figo zikirudi, dalili ya kwanza ni mkojo.

Mheshimiwa alikufa saa nane mchana. Mapafu yake yalianza kuonyesha mistari myeupe, maji yakipanda, nikazima dripu, nikamshika kichwa hadi mwisho. Nilikuwa nimemfunga kwa kanga ya Bi Somoe mwenyewe, ile iliyokuwa nyuma ya mlango.

Nikatazama ule uso uliovimba, wa mtu anayepoteza mji wake kwa sababu mimi nilimwekea mashine mdomoni. Nikaona nimpe hiki kimoja.

"Amekojoa, mama."

Kisha akageuza kichwa juu ya mto, taratibu, akanitazama.

"Umeona kwa macho yako?"

Nje watu walikuwa wanapita na ndoo tupu kwenda birikani.

"Hapana, mama," nikasema. "Amekufa. Nilikuwa nimemshika."

"Basi si useme hivyo," alisema, na machozi yakamshuka hadi masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Nikalia naye. Gari likasikika likikata kona.

Akaomba maji. Daktari wa zahanati alikuwa ameruhusu funda moja. Nikaleta kikombe.

"Ya wapi haya?"

"Ya birika."

Hakunyoosha mkono. Alinisubiri. Nikanywa funda mbele yake, akalitazama koo langu hadi nilipomeza. Kisha akapokea kikombe, akanywa maji ya mji wake kwa mara ya kwanza.